Matumizi: Hakuna

Fomu ya Misitu ina mistari saba.
Wa kwanza, mahali. Naandika: Tutuo,
nyuma ya mizinga ya Kashindye, kwenye gogo la mtundu
lililoanguka mwaka ule wa upepo.
Wa pili, tarehe. Desemba, mvua ya nne.
Wa tatu unanisimamisha:
jina la kienyeji.

Namwuliza Mama Nyamizi, aliyetangulia na beseni,
anayeujua uyoga kwa harufu kabla ya kuuona,
anayepita porini akitaja majina
kama mtu anayeita kuku wake jioni.
Anautazama huu, mwekundu kama pilipili ya kuanikwa.
"Huo? Huo hauna jina.
Majina tumevipa vinavyoingia chunguni."

Basi naanza na vidole. Mstari wa nne, maelezo.
Hauna shina. Umejibandika ubavuni mwa gogo
kama sikio linalosikiliza ugomvi wa jirani.
Naugeuza: hayapo yale makunjo
yaliyopangwa kama kurasa chini ya kofia ya uyoga wa kula.
Kuna vitundu, vidogo mno,
kana kwamba fundi cherehani alijaribu sindano
mchana kutwa, bila uzi.
Naukunja, haukatiki. Unarudi, kama soli.
Naunusa: mbao, vumbi, basi.
Sentimita sita na ushee.
Mvua nne zimeupiga na rangi haijatoka.
Waliosema uzuri wa mkakasi
ukipata maji basi
hawakupita njia hii.

Mstari wa tano, rangi ya unga.
Uyoga hauna mbegu, una unga, laini kuliko poda,
na unga husema kweli hata kofia ikidanganya.
Nikaulaza juu ya karatasi, nikaufunika kwa bakuli,
nikalala na buti miguuni.
Asubuhi, karatasi tupu.
Usiku wa pili, tupu.
Nikaandika: hautoi.

Mama Nyamizi alikuja na uji, akachungulia,
akacheka hata kikombe kikamwagika.
"Wewe mtoto wa ofisi,
unatafuta chokaa kwenye ukuta uliopakwa chokaa?"
Akaipindua sufuria yake,
kitako cheusi kwa moshi wa miaka,
akaulaza hapo.

Alfajiri tulifunua.
Nusu duara, jeupe,
kama pumzi kwenye kioo.

Kumbe usiku wote ule ulikuwa unasema,
weupe juu ya weupe,
na mimi nikaandika ukimya.

Mstari wa sita, unalika?
Hapana. Meno yatachoka kabla yake.
Mstari wa saba, matumizi.
Kalamu ikaandika yenyewe: hakuna.

Tukarudi kwa njia ya nyumbani kwake.
Juu ya mlango wa ghala la asali
vimepigiliwa misumari vipande tisa,
vyekundu bado, kimoja kidogo
kama kifungo cha shati la mtoto.
"Hivyo ni vya Limi. Kila masika alileta kimoja.
Nikimwambia haviliki, anasema anajua."
Akavihesabu kwa kidole bila kuvigusa.
"Yuko Kaliua sasa. Ameolewa, analima tumbaku.
Mwaka huu hakuja."

Nikashika ngazi, nikarekebisha msumari mmoja
ambao haukuwa umelegea.

Kisha akasema, mgongo kwangu, akipepeta:
"Kama lazima uandike kitu, andika wa Limi."

Nimeandika. Mstari wa tatu, kwa herufi kubwa.
Wa tano nimeufuta mpaka karatasi ikatoboka.
Wa saba ungali unasema hakuna,
maana Bwana Misitu hapendi fomu yenye matundu,
na tundu moja linatosha.

Sampuli iko mfuko wa shati, imefungwa kwenye gazeti.
Pikipiki ikiruka mashimo ya njia ya Sikonge
inanigonga kifuani, ngumu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba anayojua ina watu.